Dirisha la Shangazi: Mafunzo Niliyopata Kuhusu Tezi ya Shingo

Kwa karibu mwaka mzima mimi na shangazi yangu tulilala chumba kimoja, Mwese, tukigombania dirisha. Mume wangu anafanya kazi Mpanda mjini na hurudi mwisho wa mwezi, na shangazi alikuwa amekuja kunisaidia kulea mtoto wetu wa pili. Mimi nililala na mablanketi mawili, soksi na sweta, na bado niliamka nimejikunja kama kifaranga. Yeye alisukuma shuka hadi miguuni, akanyanyuka usiku wa manane, Julai, akafungua dirisha. Ukungu uliingia hadi kitandani. Nikanyanyuka, nikafunga. Baada ya saa moja akafungua tena.

Majirani walilichukulia kuwa jambo la kuchekesha. Leo nikilikumbuka najua kwamba wanawake wawili walikuwa wanaugua tezi moja kwa njia mbili zinazopingana, chini ya bati moja, na hakuna aliyetambua. Niliyojifunza tangu hapo nayaandika kwa ajili ya dada, mama na shangazi wengine, maana maradhi haya huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, na yanajua sana kujificha.

1. Baridi ya mahali inaweza kuificha baridi ya mwili

Mwese iko juu. Ni kata ya Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, na mtu anayetoka Mpanda na shati la mikono mifupi hujuta kabla jua halijazama. Hivyo niliposema nasikia baridi nilijibiwa kwa haki kabisa: "Mwalimu, hii ni Mwese, vaa sweta." Nikavaa.

Kila dalili iliyofuata nayo ilikuwa na maelezo yake tayari. Uchovu? Unanyonyesha. Nywele kubaki kwenye kitana? Zinatoka kwa kila aliyejifungua. Ngozi iliyokauka na kuacha unga kwenye nguo nyeusi? Upepo wa kiangazi. Choo kigumu? Kula mapapai. Hedhi ilirudi nzito, ikachukua siku tisa. Uso ulivimba asubuhi. Sauti ikawa nzito, hata mtoto wa darasa la tatu akaniuliza kama nina mafua. Kilichoniumiza zaidi ni kusahau. Nilisimama mbele ya darasa nililolifundisha mwaka mzima, nikamtazama mwanafunzi wa dawati la mbele, na jina lake likakataa kuja.

Malaria nilipimwa mara tatu, na mara zote kipimo cha haraka kilionesha sina. Mara moja nilipewa dawa hivyo hivyo. Kwenye kituo kingine nilitibiwa taifodi mara mbili ndani ya miezi minne. Silaumu nia ya mtu. Kwetu homa ndiyo huua, na mhudumu mwenye foleni ya watu sitini huanzia pale anapopajua. Lakini hakuna hata mmoja aliyeziweka dalili zangu kwenye mstari mmoja akazisoma kama sentensi. Na mimi, ambaye kazi yangu ni kuwafundisha watoto kusoma, sikuzisoma.

2. Mwili husema mahali usipotazamia

Aliyenisaidia alikuwa tabibu kijana, mgeni katika eneo letu. Hakunigusa shingo kwanza. Aliniambia nivue viatu na kupiga magoti juu ya kiti, nyayo zikining'inia nje. Kisha akatoa nyundo ndogo ya mpira, akagonga mshipa mnene ulio nyuma ya kifundo cha mguu.

Mguu uliruka, kama unavyopaswa. Ila ulirudi polepole, mithili ya mlango wenye bawaba iliyoshika kutu. Akagonga tena. Akagonga wa pili. Akamwita muuguzi aje kuona. "Mwalimu," akasema, "misuli yako inafika, lakini inachelewa kuondoka. Tezi yako ya thairoidi tuitazame."

Tezi hiyo iko mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo, na umbo lake ni la kipepeo aliyekumbatia koo. Huchukua madini joto kutoka kwenye chakula na kuyatengenezea homoni inayopanga kasi ya mwili mzima: moyo upige haraka kiasi gani, utumbo usukume kwa nguvu gani, joto kiasi gani litengenezwe, hata akili ikumbuke upesi kiasi gani. Homoni ikipungua, kila kitu hupunguza mwendo. Ikizidi, kila kitu hukimbia. Kumbe dalili zangu kumi zilikuwa moja.

Shingo yangu haikuwa na uvimbe wowote. Nilimwonesha, nikamwambia, "Daktari, mimi sina goita." Akajibu kwamba ndiyo maana alitaka damu.

3. Kwenye kipimo hiki, namba kubwa ina maana tezi imelala

Damu yangu ilichukuliwa Mpanda ikasafirishwa kwenda maabara ya jijini. Majibu yalirudi baada ya siku tisa. Kwenye karatasi kulikuwa na herufi tatu, TSH, na mbele yake 68. Pembeni waliandika kwamba kawaida huwa kati ya 0.4 na 4, au karibu na hapo. Nilidhani nina homoni nyingi kupita kiasi. Nilielewa kinyume, na nimekutana na wengi walioelewa kinyume kama mimi.

Nilipoeleweshwa nilifikiria kengele ya shule yetu. Kengele hiyo ni rimu la gari lililoning'inizwa kwenye mti. Watoto wakija kwa wakati, mwalimu wa zamu huligonga mara moja tu. Wakichelewa, huligonga tena na tena, mpaka kijiji kizima kisikie. TSH ndiyo kengele hiyo. Haitengenezwi na tezi ya shingo. Hutoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, ambayo kazi yake ni kuiamsha ya shingoni. Tezi ya shingo ikizembea, kengele hupigwa kwa fujo, na namba hupanda. Tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi, mwalimu wa zamu huweka chuma chini na kunyamaza, na namba hushuka karibu na sifuri.

Kwa sababu hiyo wataalamu huanza na TSH. Hupanda mapema, mara nyingi kabla homoni yenyewe haijashuka sana. Ikiwa si ya kawaida, hupimwa T4, yaani homoni yenyewe, ili kujua tatizo limefika wapi. T4 yangu ilikuwa chini. Kipimo cha tatu hutafuta askari wa mwili walioasi na kuishambulia tezi yao wenyewe. Mjapani Hakaru Hashimoto alieleza maradhi ya aina hiyo mwaka 1912, na hadi leo yana jina lake. Ndiyo niliyonayo mimi.

Kuna jambo dogo ambalo sikuliona kwenye karatasi yoyote. Vidonge vya kukuza nywele na kucha, ambavyo siku hizi huuzwa hata kwenye maduka ya vipodozi, vingi vina biotini nyingi, na biotini inaweza kuipotosha mashine ya maabara. Nywele zikinyonyoka kwa sababu ya tezi, mwanamke hununua vidonge hivyo. Akienda kupima, vidonge vinaharibu majibu. Ukivitumia, mwambie mtaalamu kabla hujatoa mkono.

4. Uvimbe wa shingo una majina mengi, na dawa yangu si dawa yako

Somo hili nimelilipia. Nitalisema lote.

Shangazi yangu alikuwa na goita tangu ujana. Wazee wa Mwese huita rovu. Lake lilikuwa kubwa kama embe, limeegemea kulia, na juu yake kulikuwa na mistari miwili ya chale nyeusi, ndogo kama punje za ulezi, alizochanjwa na mganga zamani. Halikumuuma. Alilifunika kwa kitenge akienda kanisani, basi. Sote tulikuwa tumelizoea kiasi kwamba hatukuliona tena.

Niliporudi na pakiti yangu ya vidonge vya levothairoksini, wiki zikapita, nikaanza kubadilika. Usingizi mzito uliondoka. Majina ya watoto yakarudi. Shangazi alikuwa anatazama. Usiku mmoja, dirisha likiwa wazi, akaniambia, "Mwanangu, wewe umepewa dawa ya shingo na huna hata shingo. Mimi mwenye shingo sina dawa."

Ningemjibuje? Ni dada wa baba yangu, aliyenibeba mgongoni. Alikuwa amekonda mwaka ule, ingawa alikula kuliko sisi sote, na watu walishaanza kunong'ona, wengine wakitaja ukimwi, wengine wakitaja kurogwa. Nilimwonea huruma. Nikampa pakiti moja, nikamwambia ameze kimoja kila asubuhi kama mimi.

Wiki ya tatu niliamshwa na sauti ya kikombe. Alikuwa ameketi jikoni kabla ya alfajiri, ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili, na bado kilikuwa kinagonga meza, tik-tik-tik. Shati lake la kulalia lilikuwa limelowa jasho. Nilimshika kifundo cha mkono nikahesabu mapigo kwa saa ya simu: 148 kwa dakika, naye ameketi. Tulimpakia kwenye bodaboda, mimi nyuma nikimshikilia, hadi zahanati, na kutoka pale gari likampeleka Mpanda.

Hospitalini daktari alimwambia anyooshe mikono mbele na kutanua vidole. Akaweka juu yake karatasi moja nyeupe. Karatasi ilitetemeka kama jani la mgomba kwenye upepo. Akaniuliza kama mama huyu anatumia dawa yoyote. Nikasema. Hakunifokea, na nadhani angenifokea ningeumia kidogo kuliko nilivyoumia kwa ukimya wake.

Tezi ya shangazi ilikuwa inafanya kazi kupita kiasi. Mimi nilikuwa nimeimwagia petroli. Kukonda huku anakula, joto, jasho, kutetemeka, moyo kukimbia, na lile dirisha: yote yalikuwepo kabla ya pakiti yangu, nami niliyaongezea.

Kisha nikagundua kosa langu lilikuwa limefika hata maabara. TSH yake ilisoma chini ya 0.01, lakini daktari alisema hawezi kuiamini peke yake. Dawa yangu ilikuwa ndani ya damu ile, na mtu yeyote akimeza homoni nyingi kutoka nje, kengele hunyamaza. Nusu ya levothairoksini hubaki mwilini takriban wiki nzima baada ya kumeza. Hivyo aliachishwa vidonge vyangu, akapewa propranololi ya kuutuliza moyo, tukaambiwa turudi baada ya wiki sita ndipo ijulikane kipi ni chake na kipi ni changu. Wiki sita za nauli, na za kuusikiliza moyo wa mtu mwingine usiku. Tuliporudi, TSH ilikuwa bado chini ya 0.01 na T4 iko juu. Basi ugonjwa ulikuwa wake.

Nilikuja kuelewa kwamba goita ya muda mrefu, iliyoota kwa sababu ya upungufu wa madini joto, inaweza kukaa kimya kwa miaka mingi. Ndani yake huota vinundu, na baadhi ya vinundu huacha kusikiliza kengele, vikafanya kazi kama vinavyotaka. Inaweza kutokea hata baada ya chumvi nzuri kufika. Zimbabwe iliona wagonjwa wa namna hii wakiongezeka baada ya kuanza kutumia chumvi yenye madini joto, na mwaka 1996 taarifa ya jambo hilo ilitolewa kutoka Kivu, mashariki mwa Kongo. Watu wanaopata hivi ni wachache kuliko wanaookolewa na chumvi hiyo, tena wachache sana. Shangazi angeweza kuwa miongoni mwao.

Uvimbe ule ule, basi, unaweza kukaa kwa mtu mwenye homoni kidogo, mwenye homoni nyingi, au mwenye homoni za kawaida kabisa. Unaweza pia kuwa saratani, hasa ukikua upesi, ukiwa mgumu, au ukibadilisha sauti. Huo huhitaji picha ya mawimbi ya sauti, na pengine kuchukuliwa chembe kwa sindano nyembamba. Macho hayawezi kutofautisha. Mkono wa mpwa mwenye huruma hauwezi pia.

5. Dawa hii inataka tumbo peke yake

Mwaka 1891 daktari Mwingereza, George Murray, alimtibu mwanamke mwenye maradhi kama yangu kwa maji yaliyotolewa kwenye tezi za kondoo. Mwanamke yule aliishi hadi mwaka 1919, akafa akiwa na miaka 74, na inahesabiwa alitumia tezi za kondoo zaidi ya 870. Mimi nameza kidonge kidogo kuliko punje ya mahindi. Sina haki ya kulalamika kuhusu masharti yake.

Masharti ni haya: asubuhi, kwa maji matupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya chai. Nilipopata mimba ya tatu niliyavunja bila kujua. Kliniki walinipa vidonge vya fefo, vya kuongeza damu, nami kwa kutaka nisisahau nikawa nameza vyote pamoja alfajiri. Chuma kilichomo kwenye fefo hukamatana na levothairoksini tumboni, na kidonge hupita bila kuingia kwenye damu. TSH yangu ilipanda hadi 11. Sasa fefo naimeza usiku. Muda unaotakiwa kati ya viwili hivyo ni saa nne au zaidi, na vidonge vya kalsiamu vina tabia hiyo hiyo.

Mimba yenyewe nayo huongeza mahitaji, mara nyingi kwa robo au zaidi, tangu wiki za mwanzo, wakati mtoto bado anategemea homoni ya mama ili ubongo wake ujengwe. Mwanamke anayetumia dawa hii akigundua ana mimba apime wiki hiyo hiyo, asisubiri tumbo lionekane. Na nje ya mimba, kila dozi ikibadilishwa, kipimo hurudiwa baada ya wiki sita hadi nane. Kabla ya hapo namba bado inasafiri.

6. Mtoto hana namna ya kusema

Baada ya kujifungua niliomba mtoto apimwe. Watoto wachache huzaliwa na tezi isiyofanya kazi, na wengi wao siku ya kwanza huonekana wazima, wanene, watulivu, wasiolia ovyo. Mama husifiwa kwa kupata mtoto mpole. Mtoto huyo asipotibiwa katika wiki za kwanza, akili yake hudumaa na hairudi tena. Mwaka 1974 Quebec, Kanada, walianza kuwapima watoto wachanga kwa tone la damu linalokaushwa kwenye karatasi, kazi iliyoanzishwa na Jean Dussault, na leo nchi nyingi huwachoma watoto kisigino kama jambo la kawaida. Kwetu bado si kawaida.

Wangu alipimwa kwa sababu nilisisitiza na kwa sababu nililipa. Yuko salama. Lakini kila ninapompokea darasa la kwanza mtoto anayechelewa kuelewa, mzito wa ulimi, mfupi kuliko wenzake, moyo wangu husimama kidogo.

7. Muulize muuza chumvi

Kata yetu imekusanya watu wa asili nyingi. Wapo Wabende na Watongwe wa tangu zamani, wapo wafugaji waliokuja na ng'ombe, na wapo wazee waliofika miaka ya 1960 kama wakimbizi kutoka Rwanda, baadhi yao wakipitia Kivu. Bibi mmoja wa kundi hili la mwisho aliniambia kwamba alikotoka wanawake wenye rovu walikuwa wengi sana. Kwenye kisiwa cha Idjwi, ziwani Kivu, watafiti waliochunguza jambo hilo waligundua kwamba upungufu wa madini joto haukuwa peke yake: muhogo usiolowekwa vizuri ulizidisha ugonjwa, kwa kuwa sumu yake huizuia tezi kupokea hata yale madini machache yaliyopo. Sisi tunaokula ugali wa muhogo, ule muda wa kuuloweka una maana kuliko tunavyodhani.

Nchi za milimani, mbali na bahari, ardhi yake huoshwa na mvua, na madini joto huondoka nayo. Miaka ya 1980 Tanzania ilikadiriwa kuwa na goita kwa takriban asilimia 25. Taasisi ya Chakula na Lishe ikagawa vidonge vya mafuta yenye madini joto kwenye wilaya zilizoathirika zaidi, na mwaka 1994 zikatungwa kanuni za kuweka madini joto kwenye chumvi ya kula. Ulipofanyika uchunguzi wa shule za nchi nzima mwaka 2004, goita kwa wanafunzi ilikuwa imeshuka hadi karibu asilimia 7. Wachumi waliofuatilia vidonge vile, Erica Field na wenzake, walitoa matokeo yao mwaka 2009: watoto ambao mama zao walipata vidonge wakiwa na mimba walisoma zaidi ya wenzao kwa takriban theluthi hadi nusu ya mwaka, na wasichana ndio walionufaika zaidi. Kama mwalimu nimeisoma habari hiyo mara nyingi. Kidonge kimoja kwa mama, na binti anafika darasa ambalo asingelifika.

Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 tu za madini joto kwa siku, mjamzito 250. Ya maisha yote hayazidi kijiko kimoja cha chai. Ila kijiko hicho kinatakiwa kuja kidogo kidogo, kila siku, kupitia chumvi.

Mwaka jana nilipata kichupa cha maji ya kupimia chumvi, nikawaambia watoto waje kila mmoja na kijiko kimoja kutoka nyumbani. Tulipanga vijiko juu ya madawati, kila kimoja juu ya kipande cha karatasi chenye jina. Tone moja. Chumvi laini ya pakiti ikawa zambarau ya kukolea, kama wino wa muhuri, na darasa likapiga kelele. Tukafika kwa binti mmoja aliyeleta chumvi ya mawe, ya kijivu, inayopimwa kwa kopo kutoka kwenye gunia lililo wazi gulioni. Tone likaingia, likakauka. Nikadondosha jingine. Chumvi ikabaki ya kijivu. Binti akanitazama kama aliyefeli mtihani, nikamwambia chumvi ndiyo iliyofeli.

Kaskazini yetu kuna Uvinza, ambako watu wamechemsha maji ya chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja, na ninaipenda chumvi ya kwetu. Ombi langu ni kwamba iwe imetiwa madini joto, na yasiachwe yapotee. Jua, unyevu na moto huyaondoa. Iwekwe kwenye kopo lenye kifuniko, mbali na mafiga, na itiwe kwenye mboga karibu na kuepua. Wala isiongezwe: chumvi nyingi ina presha yake.

8. Kipimo kinaanza safari, hakimalizi

Safari hiyo huanza na nauli. Fedha za biashara ya kaboni, zitokanazo na msitu wa Ntakata tunaoutunza vijiji kadhaa vya wilaya hii, zimejenga madarasa na kusaidia zahanati. Nimesema kwenye mkutano wa kijiji kwamba nauli ya sampuli za damu ni jambo dogo linaloweza kuingia kwenye bajeti ile. Wamelipokea. Tunasubiri.

Kwa sasa shangazi anatumia kabimazoli. Tulifundishwa, na tuliandika kwa kalamu nyekundu juu ya pakiti, kwamba akipata homa na maumivu ya koo aache dawa siku hiyo hiyo aende kupima damu, maana kwa wachache dawa hii huangusha chembe nyeupe zinazolinda mwili. Baadaye kuna uamuzi wa upasuaji, au safari ya Dar es Salaam, hospitali ya Ocean Road, kwa ajili ya madini joto yenye mionzi. Anauogopa mji kuliko kisu. Hatumsukumi.

Ameongezeka kilo sita. Kikombe hakigongi meza tena. Kanisani amerudi kwenye kwaya, kitenge shingoni.

Wiki iliyopita, usiku, niliamka nikamsikia akinyanyuka. Nikavuta blanketi nikisubiri ukungu. Alisimama kidogo gizani, akalifunga dirisha, akateremsha na pazia, akarudi kitandani akajifunika hadi kichwani. "Mwanangu," akasema, "Mwese imekuwa na baridi." Nilicheka nikalia kwa pamoja, chini ya shuka, asisikie.

Asubuhi nikaitoa karatasi yake kwenye bahasha. Maana baridi hiyo inaweza kuwa ya Julai, au inaweza kuwa dozi imezidi na tezi sasa imelala kama yangu. Tarehe ya kupimwa ilikuwa baada ya wiki mbili. Nikampigia mwenye basi, nikaomba nafasi mbili za Jumatatu.